Sanduku la Barua za Bula Matari

Mwaka 1900 Henry Morton Stanley aliliaga Bunge la Uingereza bila majuto. Kwa miaka mitano alikuwa mbunge wa North Lambeth, jimbo la watu wa kawaida ng'ambo ya mto Thames jijini London, na katika barua kwa mkewe Dorothy na katika daftari zake alilalamika kuhusu hewa nzito ya ukumbi ule, mikesha isiyozaa kitu na hotuba ambazo hakuna aliyezisikiliza. Mke ndiye aliyemsukuma katika siasa. Aligombea mara ya kwanza mwaka 1892 akashindwa kwa kura 130. Mwaka 1895 akapita, na hakuna jambo kubwa alilolifanya bungeni linalokumbukwa leo. Alipostaafu alihamia Furze Hill, nyumba aliyoinunua karibu na kijiji cha Pirbright katika Surrey. Huko bwawa la bustanini likapewa jina Stanley Pool, kijito kikaitwa Congo, na shamba mojawapo likaitwa Unyamwezi. Humo ndani ya nyumba zilikuwa karatasi zake: barua alizopokea, nakala za alizotuma, daftari za safari, mikataba, risiti. Alikuwa mtu asiyetupa karatasi.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna haki ya kuzijali karatasi hizo, na watu wa Kisangani, nchini Kongo, wana haki kuliko wote. Mji wao ulibeba jina la mzee huyu hadi mwaka 1966, ulipoacha kuitwa Stanleyville. Lakini ukihesabu siku alizokaa hapo kwa miguu yake mwenyewe, ni chache mno. Alipita maporomoko ya Boyoma Januari 1877, akipigana na kubeba mitumbwi nchi kavu. Alirudi mara moja, Desemba 1883, akakaa pungufu ya wiki mbili. Hakuuona tena. Kila alichofanya kuhusu mji huo baadaye, pamoja na kumteua mtu wa kuutawala, alikifanya kwa kalamu, akiwa mbali. Kisangani ya kikoloni ilianzishwa na mtu aliyeijua hasa kwa barua.

Kalamu hiyo alijifunza kuishika mahali pa huzuni. Alizaliwa Denbigh, kaskazini mwa Wales, Januari 1841, mtoto wa nje ya ndoa, akaitwa John Rowlands. Mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka sita, alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph na kuachwa huko mpaka alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano. Aliingia Marekani mwaka 1859 kwa bandari ya New Orleans, akachukua jina la mfanyabiashara wa pamba, na tangu hapo akatumia nguvu nyingi kumzika yule mtoto wa Denbigh. Alijiita Mmarekani. Aliudanganya umma kuhusu kuzaliwa kwake, na baadhi ya uongo huo akauendeleza hata katika kitabu cha maisha yake alichokiacha bila kukimaliza.

Ndiyo maana barua za binafsi zina uzito kuliko vitabu vyake. Mwaka 1869 alimwandikia binti mmoja wa Denbigh, Katie Gough Roberts, aliyetaka kumwoa, akamweleza ukweli wote: mama asiyeolewa, nyumba ya maskini, jina la kuazima. Binti akaolewa na mtu mwingine na ile barua akabaki nayo. Stanley alipokuja kuwa maarufu baada ya kumkuta mpelelezi Livingstone Ujiji mwaka 1871, alitaka arudishiwe. Mwanamke alikuwa tayari kumkabidhi yeye mwenyewe mkononi tu, na Stanley hakwenda. Aliishi miaka mingi akijua kwamba katika nyumba ya mtu mwingine kuna karatasi moja inayoweza kumvua nguo mbele ya dunia. Nadhani tangu hapo alijifunza kwamba anayeishika barua ana mamlaka juu ya aliyeiandika, na alitumia somo hilo Afrika.

Mwaka 1874 aliondoka Bagamoyo na msafara mkubwa. Mashua yake, iliyotengenezwa kwa vipande ili ibebwe mabegani, iliitwa Lady Alice, kwa jina la Alice Pike, msichana wa Marekani aliyekuwa na umri wa miaka kumi na saba na ambaye walikuwa wamewekeana ahadi ya ndoa kwa maandishi. Alimwandikia kutoka njiani. Januari 1876 Alice aliolewa na Albert Barney. Kwa hiyo mashua iliyovutwa kwa kamba kando ya maporomoko ya Boyoma, mbele ya Wagenya waliokuwa wakitetea visiwa vyao na mitego yao ya samaki, ilibeba jina la mchumba ambaye mwaka mzima alikuwa mke wa mtu. Stanley alilijua hilo alipokwisha kutoka msituni.

Katika mto ule hapakuwa na njia ya kutuma wala kupokea neno. Barua zake za mwisho zilikuwa zimeondoka mwishoni mwa 1876 kutoka upande wa Nyangwe, Maniema, alikokutana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tumwitaye Tippu Tip. Tippu Tip alikubali kumsindikiza kwa malipo. Wakaachana Vinya Njara tarehe 28 Desemba 1876, na kila mmoja akashika njia yake. Kisha kimya. Maporomoko yakapitwa, mto ukageuka magharibi, watu wakafa kwa mishale, kwa njaa, kwa maji. Kalulu, kijana aliyempeleka hadi Ulaya na Marekani, alizama Machi 1877. Frank Pocock, Mzungu wa mwisho aliyebaki naye, alizama tarehe 3 Juni.

Barua iliyovunja kimya hicho ndiyo naipenda kuliko zote alizoandika, na sababu ni walioichukua. Tarehe 4 Agosti 1877, kijijini Nsanda, watu wakiwa hawana nguvu hata ya kusimama, Stanley aliandika kwa Kiingereza kwa mtu yeyote wa Boma anayekijua. Akaifasiri kwa Kifaransa na Kihispania asije akakosa msomaji. Aliomba chakula, tena upesi, kwa watu zaidi ya mia moja, na mwishoni akaongeza kwamba kama jina lake halijulikani, yeye ndiye aliyemkuta Livingstone. Jina lile la kuazima halikumtosha tena. Alihitaji jina la mtu mwingine limdhamini. Waliokubali kwenda ni Uledi, nahodha wa Lady Alice, Kacheche, Muini Pembe, na Robert Feruzi, kijana aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar na ambaye aliweza kuwaeleza Wazungu kwa Kiingereza kilichowasibu. Walitembea wakiwa na njaa, na siku mbili baadaye wabebaji wakaonekana wakija na mchele, samaki, viazi na tumbaku. Tarehe 9 Agosti msafara uliingia Boma. Vitabu vya shule husema Stanley aliivuka Afrika. Barua ya Nsanda inaonyesha kwamba mwisho wa safari hiyo aliokolewa na Waswahili wanne, mmoja wao akijua kusoma.

Habari za mto zilipofika Ulaya, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimtafuta. Kuanzia 1879 Stanley alijenga barabara na vituo kutoka Vivi kwenda juu, akapata jina Bula Matari, mvunja mawe, jina ambalo baadaye Wakongo walilitumia kwa dola lenyewe, pamoja na askari wake na kodi zake. Katika miaka hiyo mtu aliyeandikiana naye sana ni Kanali Maximilien Strauch, katibu mkuu wa chama cha mfalme. Barua zake za 1881 hadi 1884 zilichapishwa na Albert Maurice katika miaka ya 1950, na ukizisoma unakutana na msimamizi wa kazi aliyechoka: anagomba na Brussels juu ya maofisa wasiofaa, mizigo iliyochelewa, homa, amri zinazopingana. Ni katikati ya madai hayo ndipo kituo cha maporomoko kilipozaliwa.

Alifika Desemba 1883 kwa mashua za moshi. Chini kidogo ya mto alikuwa amekutana na kambi ya watekaji kutoka upande wa Nyangwe, ikiwa na mateka zaidi ya 2,000 kwa hesabu yake, wengi wanawake na watoto, wamefungwa minyororo, vijiji vyao vikiwa majivu. Kurasa alizoandika juu ya kambi hiyo bado zinachoma. Lakini hakuwafungua. Aliendelea hadi visiwani, akafanya mapatano na wakuu wa Wagenya wa Wana Rusari, akamwacha huko Mskoti mmoja, fundi mitambo aitwaye Binnie, pamoja na askari wachache, kisha akageuza mashua. Huo ndio mwanzo wa kituo cha Stanley Falls. Fundi mitambo mmoja, zaidi ya kilomita 1,700 za mto kutoka kituo kikuu cha Stanley Pool, katikati ya wavuvi ambao hawakumwita na wafanyabiashara wa watumwa waliokuwa na bunduki nyingi kuliko yeye.

Hakikudumu. Agosti 1886 ofisa Mwingereza, Walter Deane, alikataa kumrudisha mwanamke aliyekimbilia kituoni kutoka kwa bwana wake, na watu wa Tippu Tip wakashambulia. Deane alitoroka msituni, mwenzake Dubois alizama, kituo kikateketea. Yule mwanamke hatajwi tena katika barua yoyote niliyowahi kuisoma. Kama mji ule una mtu wa kukumbukwa kabla ya wote kwa kudai uhuru wake, ni yeye.

Mwaka uliofuata Stanley akafanya jambo ambalo hadi leo linawashangaza wanafunzi wa historia. Tarehe 24 Februari 1887, Zanzibar, mbele ya balozi mdogo wa Uingereza, alitia saini mkataba na Tippu Tip: yule yule aliyehesabiwa kuwa mkuu wa watekaji awe wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, akapandishe bendera ya mfalme na kuzuia biashara ya watumwa. Wakapanda meli moja, Madura, wakazunguka rasi ya kusini mwa Afrika hadi mlango wa Kongo. Stanley alikuwa akielekea kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan. Tippu Tip alikuwa akienda kutawala mahali alipokwisha kupatawala.

Hapo ndipo barua zilipogeuka silaha. Stanley aliacha kikosi cha nyuma Yambuya, kwenye mto Aruwimi, chini ya Meja Edmund Barttelot, akamwachia maagizo ya tarehe 24 Juni 1887 ambayo kila upande uliyafasiri kwa faida yake. Tippu Tip aliahidi wapagazi mia sita. Alisema hawezi kuwatoa kwa sababu Stanley hakuleta baruti aliyoahidi. Barttelot alikwenda na kurudi kati ya Yambuya na maporomoko, akibembeleza na kutukana. Wengi wa kikosi walikufa kwa njaa na magonjwa, na adhabu za viboko zilizotolewa na maofisa zilikuwa za kikatili. Tarehe 19 Julai 1888 Barttelot alipigwa risasi huko Banalia, mahali ambapo leo ni makao ya mojawapo ya maeneo ya utawala ya mkoa wa Tshopo. Mwezi mmoja baadaye Stanley akatoka msituni, akawakuta waliobaki kama mifupa. Tarehe 17 Agosti alimwandikia Tippu Tip barua aliyoichapisha mwenyewe katika kitabu chake. Ilianza kwa salamu nyingi na kujiita rafiki mwema, ikamwalika waandamane. Tippu Tip hakwenda. Baadaye rafiki mwema alimfungulia kesi Zanzibar akimdai fidia.

Tuna bahati kubwa kwamba aliyeandikiwa naye aliandika. Tippu Tip aliondoka maporomoko mwaka 1890 na, uzeeni huko Zanzibar, akaandika maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na Wilfred Whiteley akayatoa tena Afrika Mashariki katika miaka ya 1950. Humo Stanley ni mtu wa ahadi tamu kinywani na mkono mzito kutoa. Tippu Tip anakumbuka kwamba baada ya safari ya kwanza, kwa yote aliyoahidiwa, alipelekewa picha ya Stanley. Simchukulii Tippu Tip kuwa shahidi safi. Vijiji vya Lomami na Maniema vina yao ya kumwuliza. Hata hivyo, bila kitabu chake tungebaki na sauti moja tu katika mazungumzo ya watu wawili.

Stanley alirudi Ulaya akiwa shujaa, akamwoa Dorothy Tennant katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 12 Julai 1890, akaingia katika siasa tuliyoiona. Barua za miaka hii ni za mtu mwingine kabisa. Mwaka 1896 walimchukua mtoto mchanga mwenye asili ya Wales, wakamwita Denzil. Mtu aliyekana Wales hadharani maisha yake yote alitaka mrithi wake atoke huko. Akiwa safarini Afrika Kusini mwaka 1897, alimwandikia mkewe kwa upole ambao askari wa Yambuya wasingeuamini, na mtoto ndiye kiini cha furaha yake.

Na kuhusu Kongo? Hapa ndipo moyo wangu unapokataa kumsamehe haraka. Katika miaka ile ile ya upole, habari za mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya mpira zilikuwa zinafika London. Aliyekuwa na sauti kuliko wote ya kumhoji Leopold ni mbunge wa North Lambeth. Alimtetea mfalme, akaamini au akataka kuamini kwamba ni maovu ya watu wachache. Ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, kuhusu maovu hayo ilitoka mwanzoni mwa 1904. Stanley, aliyepatwa na kiharusi mwaka uliotangulia, alifariki tarehe 10 Mei mwaka huo. Alitamani kuzikwa Westminster Abbey karibu na Livingstone. Mkuu wa kanisa alikataa. Alizikwa Pirbright, chini ya jiwe kubwa lisilochongwa, lenye jina lake, jina Bula Matari, miaka yake, na neno moja: Africa.

Dorothy alizihifadhi karatasi kwa wivu. Mwaka 1909 alitoa kitabu cha maisha ya mumewe akiwa amechagua la kuonyesha na la kuficha. Alifariki mwaka 1926. Denzil akazirithi, na katika miaka ya 1950 sehemu ya daftari za Kongo ikaenda Ubelgiji. Sehemu kubwa ilifuata baadaye familia ilipoiuza. Leo ni mali ya taasisi ya King Baudouin Foundation, nazo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, nje ya Brussels. Orodha kamili ilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2007 Tim Jeal akachapisha kitabu kilichozitumia kwa wingi. Hoja yake ni kwamba Stanley alikuwa na desturi ya kutia chumvi idadi ya waliouawa ili magazeti yanunuliwe, na kwamba barua na daftari zinaonyesha mtu asiye katili kama sifa yake. Nakubali kwamba ushahidi huo ni wa kweli na unastahili kusomwa. Lakini unajibu swali la watu wa London, wanaotaka kujua Stanley alikuwa mtu gani. Swali la Kisangani ni jingine: vituo alivyojenga vilifanya nini alipoondoka? Vilichokifanya hakipungui kwa sababu aliyevijenga alimpenda mwanawe.

Katika mji huo huo, kwenye posta ya Stanleyville, kuanzia miaka ya 1940 alifanya kazi karani kijana aitwaye Patrice Lumumba, akipitisha mikononi barua za watawala. Mwaka 1955 Mfalme Baudouin alipotembelea mji, Lumumba alizungumza naye. Mwaka 1956 akakamatwa kwa shauri la fedha za posta. Oktoba 1959 akaongoza mkutano wa chama chake mjini humo. Barua yake ya mwisho, kwa mkewe Pauline, imesomwa duniani kote. Barua za aliyeupa mji jina lake la kwanza la kikoloni zinalindwa na taasisi yenye jina la mfalme yule.

Oktoba 2021 wakazi wa Denbigh walipiga kura kuhusu sanamu ya Stanley iliyosimamishwa mjini kwao mwaka 2011, na wengi wakataka ibaki. Kinshasa iliiondoa ya kwake mwaka 1971. Kisangani haihitaji sanamu. Inahitaji nakala: picha za kila ukurasa unaotaja maporomoko, Wana Rusari, Yambuya na Banalia, ziwekwe katika maktaba ya chuo kikuu cha mji, UNIKIS, na zifasiriwe kwa Kiswahili. Teknolojia ipo na gharama yake ni ndogo kuliko ya maonyesho mamoja ya Brussels. Mwanafunzi wa Makiso au Lubunga, mitaa ya mji huo, anaweza leo kumsoma Tippu Tip kwa lugha anayoiongea sokoni, lakini ili aishike barua ya yule aliyejibizana na Tippu Tip, analazimika kwanza kuomba viza.